Setilaiti inavyotambua kiu ya mmea kabla jani halijanyauka

Msikilizaji, mahindi yanaweza kuwa ya kijani kibichi leo, kumbe ukame umeshaanza kuyaumiza. Macho yetu huchelewa kuona. Wanasayansi wana njia ya kugundua mapema: wanapima mwanga unaotolewa na jani lenyewe.

Mwanga huo unatoka wapi?

Jani lina klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Sehemu ya mwanga huo hutengeneza chakula cha mmea, nyingine hupotea kama joto. Kiasi kidogo, kama asilimia 1 hadi 2, jani hukirudisha nje kikiwa mng'ao mwekundu hafifu. Hatuuoni kwa sababu mwanga wa jua unaufunika.

Maji yakipungua ardhini, vitundu vidogo vya jani hufunga ili maji yasitoke. Kazi ya kutengeneza chakula hupungua, nishati zaidi hutupwa kama joto, na mng'ao hushuka. Rangi ya jani inaweza kuwa bado haijabadilika.

Setilaiti inaupimaje?

Ndani ya mwanga wa jua kuna sehemu nyembamba sana zilizofifia. Hapo ndipo kifaa hupata nafasi ya kuutambua mng'ao wa mimea. Setilaiti ya Japani, GOSAT, ilirushwa mwaka 2009 kupima hewa ya ukaa. Kutokana na vipimo vyake, ramani za kwanza za mng'ao huu duniani zilitolewa mwaka 2011. Baadaye zikafuata OCO-2 ya Marekani (2014) na Sentinel-5P ya Ulaya (2017).

Je, inaliona shamba langu?

Bado. Nukta moja ya Sentinel-5P ina upana wa kilomita kadhaa: shamba lako, la jirani, msitu na barabara vyote vimechanganyika humo. FLEX ya Ulaya imebuniwa kupima eneo la mita 300 kwa 300, yaani takribani ekari 22. Kwa hiyo vipimo hivi vinafaa kuonya wilaya au mkoa, na havisemi kama tatizo ni ukame, wadudu au ugonjwa.

Kwa shamba lako, pita asubuhi na mapema. Mahindi kujikunja majani saa nane mchana kwenye jua kali ni kawaida. Ukiyakuta bado yamejikunja alfajiri, kiu imezidi.