Njugu mawe, karanga na keki yetu: nani mwenyeji?

Leo tunaleta historia, lakini tunaanzia jikoni, kwa sababu jikoni ndiko ugomvi ulikotokea.

Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi yetu huwa na maonesho ya vyakula vya asili. Safari hii kikundi chetu tulipeleka keki mbili. Moja ilikuwa ya karanga, nyingine ya njugu mawe. Tulizioka kwa mkaa, hatuna oveni sisi. Watu walionja wakarudi mara ya pili, watoto mara ya tatu. Basi akaja mwamuzi mmoja, akatazama meza, akasema: "Hizi mtoe. Keki ni chakula cha Wazungu, na karanga tunayo sisi wenyeji. Nyinyi leteni cha kwenu."

Tuliziondoa. Hatukubishana, maana mgeni habishani na mwenye nyumba. Lakini usiku ule hatukulala mapema. Tulikaa nje, Wakongo na Warundi pamoja, tukiulizana: cha kwetu ni kipi? Karanga ni ya nani? Na njugu mawe je? Mmoja akasema tuache, ni keki tu. Wengine tukasema hapana, tutafute. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na karanga. Wengi wetu tumekua tukiamini karanga ni ya Afrika tangu Adamu. Mama zetu wanaisaga kwenye sombe, wanaiweka kwenye uji, wanaikaanga na kuiuza kwenye vikaratasi. Kumbe karanga ni mgeni! Asili yake ni Amerika ya Kusini, upande wa Bolivia na kaskazini mwa Argentina. Wareno ndio walioileta Afrika katika karne ya 16, wakati meli zao zilipokuwa zinakatiza Bahari ya Atlantiki kwenda na kurudi. Meli hizo hizo ndizo zilizobeba watu wetu wakiwa utumwani.

Sasa angalieni maajabu. Wakati karanga inakuja huku, njugu mawe ilikuwa inakwenda kule. Katika kitabu cha mwaka 1648 kuhusu mimea ya Brazil, mtaalamu Mjerumani Georg Marcgrave aliiandika njugu mawe na kuiita njugu ya Angola. Ilifikaje Brazil? Haikuogelea. Ilivuka pamoja na watu waliotekwa. Mbegu ya Afrika ikaota katika nchi ya utumwa, na mbegu ya Amerika ikaota katika nchi iliyoporwa watu.

Hata majina yalisafiri. Kwetu Congo, anayesema Kilingala anaiita karanga "nguba". Neno hilo lilivuka bahari pia, na mpaka leo kusini mwa Marekani kuna wazee wanaoiita karanga "goober", neno lililotokana na nguba. Mtu ananyang'anywa jina lake, nchi yake na watoto wake, lakini jina la njugu linabaki mdomoni.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Karanga inaitwa pia njugu nyasa. Ile ya zamani inaitwa njugu mawe, na asiyejua kwa nini ajaribu kuitafuna ikiwa kavu, meno yatamjibu. Kwa hiyo karanga ilipofika ilipewa jina la ukoo wa mwenyeji wake: wote njugu. Ni kweli zinafanana tabia. Zote huchanua juu ya ardhi, kisha zinashusha tunda lake chini na kulikuza ndani ya udongo. Tofauti ni kwamba ganda la njugu mawe kwa kawaida lina mbegu moja, mara chache mbili, na mmea wenyewe unavumilia ukame na udongo uliochoka.

Basi tukafurahi, tukasema tumeshinda: njugu mawe ndiye mwenyeji, na karanga ni mkimbizi kama sisi! Lakini historia haikutuachia ushindi huo. Njugu mawe nayo, wataalamu wanaamini, asili yake ni Afrika Magharibi, maeneo ya Nigeria na Kamerun ya leo. Hata jina lake la Kizungu limetokana na Wabambara, watu wa Mali. Kwa hiyo hapa Kigoma, na kwetu Kivu, na Burundi, njugu mawe nayo ilifika ikiwa imebebwa na mtu. Alifungua mfuko, akaipanda, akasubiri mvua.

Tulipofika hapo tukaanza kuhesabu vitu vya keki yetu kimoja kimoja. Ngano asili yake ni Mashariki ya Kati. Miwa ya sukari ilianzia New Guinea. Kuku aliyetaga mayai, mababu zake ni ndege wa porini wa Asia ya Kusini-Mashariki. Keki nzima ni wasafiri! Tukacheka sana. Kama mwamuzi angeondoa kila kisicho cha asili kwenye meza zote, yangebaki mabakuli matupu na chumvi.

Lakini mwenyewe wa kuondolewa hacheki kirahisi, kwa hiyo tukaendelea kusoma. Tukataka kujua kwa nini karanga ilisambaa na kupata heshima, na njugu mawe ikabaki nyuma ya nyumba.

Jibu ni soko. Kuanzia miaka ya 1840 Wafaransa walianza kununua karanga nyingi kutoka Senegal, wanazikamua mafuta ya sabuni na ya kupikia. Karanga ina mafuta mengi, karibu nusu ya uzito wake. Njugu mawe ina mafuta kidogo, kama asilimia 6 au 7 hivi, ingawa protini yake inakaribia asilimia 19 na wanga ni zaidi ya asilimia 60. Kwa tumbo la mtoto, njugu mawe ni chakula kamili karibu. Kwa kiwanda cha mafuta, haina faida. Kwa hiyo karanga ikapandwa shamba kubwa la mume, na njugu mawe ikabaki kwenye kishamba cha mama. Sehemu nyingi za Afrika, mpaka leo, njugu mawe ni zao la wanawake. Ndiyo maana haikuandikwa sana, maana walioandika hawakuwauliza akina mama.

Kwetu Congo mambo yalikuwa magumu zaidi. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ililazimisha watu kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, pamba ikiwa mbele. Muda wa mama kulima alichotaka kupika ulipungua. Zao hufa hivyo. Halifi kwa kuchomwa moto, linakosa saa za kulimwa tu.

Sasa tuje hapa Tanzania, maana hapa ndipo tulipoduwaa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza haikuwa na mafuta ya kutosha ya kupikia. Serikali yao ikabuni mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, wa kulima ekari zaidi ya milioni 3. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta na mabuldoza, hata vifaru vya vita walivigeuza kuwa matrekta. Walijenga bandari ya Mtwara, wakajenga na reli ya kwenda Nachingwea, ambayo baadaye iling'olewa. Lakini Kongwa ni nchi ya ukame. Jua likipiga, udongo ule unakuwa mgumu kama tofali lililochomwa, na karanga inataka udongo laini ili ishushe matunda yake. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Pauni kama milioni 36 zilikuwa zimepotea. Wagogo waliokuwa wakiishi pale vizazi kwa vizazi walijua ardhi yao inataka nini, lakini nani alikaa akawasikiliza?

Tunawaomba msome kinachofuata polepole. Kongwa hiyo hiyo, katika miaka ya 1960, Tanzania iliigeuza kuwa kambi ya wapigania uhuru. Walikaa hapo watu wa FRELIMO wa Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola. Nachingwea ikawa kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO. Na katika mkoa wa Tabora, ambako Urambo ipo, mwaka 1972 Warundi waliokimbia mauaji walipewa ardhi Ulyankulu wakaanza kulima. Mwaka 2014 Warundi wa mwaka 1972 zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania.

Mnaona? Kongwa na Nachingwea, ambako karanga ya tajiri ilishindwa kuota, walipokelewa watu wasio na kwao. Na Ulyankulu, Tabora ile ile, watu hao walilima mpaka wakaitwa wenyeji. Hatusemi maisha yalikuwa rahisi, wazee wa Ulyankulu wanajua walichopitia. Tunachosema ni kwamba neno mgeni halikukaa palepale. Lilihama.

Turudi kwenye keki. Mwamuzi alisema keki ni ya Wazungu. Neno ni lao, sawa. Lakini kusaga njugu na kuzifanya kitu laini cha kukata na kugawana si kitu kipya. Kule Enugu, Nigeria, watu wanasaga njugu mawe, wanachanganya na mafuta ya mawese, wanafunga kwenye majani ya mgomba na kuipika kwa mvuke. Wanaiita okpa, wanaila asubuhi kabla ya kazi. Ghana wanazichemsha kuwa aboboi, wanakula na tatale ya ndizi. Kwetu Congo kufunga chakula kwenye majani, yaani liboke, nani hajui? Na pwani ya Waswahili kashata za karanga zinauzwa pamoja na kahawa.

Sasa wale mnaotaka kujaribu, sisi tunafanya hivi. Njugu mawe kavu tunazikaanga kwa moto mdogo, tunazitwanga, tunachekecha mpaka unga uwe laini. Vikombe viwili vya unga wa ngano kwa kikombe kimoja cha unga wa njugu. Msizidishe, maana njugu haina ule utelezi wa ngano unaoshikilia keki, itapasuka na kuwa makombo. Mayai matatu, sukari kikombe kimoja, mafuta nusu kikombe, maziwa au maji ya vuguvugu, na vijiko viwili vidogo vya bekingi pauda. Wanaotumia karanga wapunguze mafuta, karanga inayo yake. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo yenye keki juu yake, funika, makaa kidogo chini na makaa mengi juu ya mfuniko. Baada ya kama dakika 45 choma na kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva.

Lakini kuna jambo moja hatujawaambia. Zile njugu mawe hazikununuliwa sokoni. Alitupa mama mzee mmoja wa bloku yetu. Alipokimbia Kivu alizifunga kwenye ncha ya kitenge, akatembea nazo. Alipofika alizipanda nyuma ya nyumba, akavuna, akapanda tena, miaka na miaka. Posho ilipopunguzwa, alianza kula zilizokuwa za mbegu. Zilipobaki kama kilo mbili hivi, akatuita, akatupa zote, akasema: "Batoto, musikule mbegu yote."

Na sisi tulikuwa tumeshasaga kilo nzima kwa ajili ya maonesho. Tulitaka kushinda. Zawadi ingenunua madaftari. Tulipoondolewa mezani, tuligundua tumesaga nusu ya safari ya mama mzee kwa ajili ya keki ambayo haikuhesabiwa.

Hilo ndilo lililotuuma kuliko maneno ya mwamuzi. Kwa hiyo tulikaa tukapiga kura. Kilo iliyobaki haitaokwa. Mvua zilipoanza tuliipanda katika mashimo ya bustani za jikoni, kwenye nyumba saba, nne za Wakongo na tatu za Warundi. Jirani mmoja Mtanzania tunayekutana naye sokoni aliomba mbegu kiganja kimoja, alisema bibi yake alikuwa akizipika na yeye hajaziona tangu utotoni. Tulimpa. Yeye akatuletea karanga.

Yule mwamuzi hatumchukii. Hakujua, na sisi pia hatukujua mpaka tulipotafuta. Mwaka ujao tutarudi na keki mbili zilezile. Akituuliza kama ni za asili, tutamwambia zilikotoka, moja baada ya nyingine, kuanzia Bolivia mpaka kitenge cha mama mzee. Halafu tutamkatia kipande.

Ninyi mlioko kambi nyingine, tunaomba jambo moja. Waulizeni wazee wenu walikimbia na mbegu gani. Andikeni jina lake kwa lugha zenu, na jinsi inavyopikwa. Na kabla ya kuoka, wekeni nusu pembeni.