Mfalme Aliyeshindana na Kigugumizi

Wasikilizaji wetu, hapa Ilula kama kwingineko twawaona watoto wenye kigugumizi. Jibu walijua, lakini husimama midomo ikitetemeka, na darasa zima hucheka. Wengine hunyamaza tangu siku hiyo. Basi yafaa tukumbuke habari za George wa Sita, Mfalme wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1895.

Tangu utoto alikuwa na kigugumizi. Mwishoni mwa 1924, akiwa bado Duke wa York, alifika Kenya, kisha akaingia Uganda. Baada ya kurudi kwao, tarehe 31 Oktoba 1925, alihutubia mkutano mkubwa huko Wembley. Maneno yakamkwama, naye akaona haya nyingi.

Mwaka 1926 alimwendea Lionel Logue, mtu wa Australia. Huyu hakumpa dawa. Alimfundisha kuvuta pumzi vizuri. Akatia alama katika hotuba mahali pa kutua, na neno zito akalibadili kwa jepesi. Mwanafunzi wake akajizoeza kwa bidii. Tarehe 9 Mei 1927 alifungua Bunge huko Canberra, na hotuba yake ikapita salama. Hata vita vilipotangazwa, tarehe 3 Septemba 1939, alisema na watu wake kwa redio, pole pole, akitua mara kwa mara. Kigugumizi hakikumtoka kabisa mpaka alipofariki mwaka 1952, lakini maneno yake yalisikika.

Nasi, waalimu na wazee wa baraza, tusimcheke mwenye kigugumizi, wala tusimmalizie neno lake. Tumpe nafasi ya kuvuta pumzi, tumngoje mpaka aseme alilokusudia.