Jina la Mtakatifu na Jina la Mahali

Kutoka kwa Katibu wa Kwaya



Ndugu wapendwa, kamati ya jubilei iliponipa kurasa hizi niandike kuhusu jina letu, nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nilifungua daftari la kwanza la kwaya, lile ambalo jalada lake limeshabanduka, nikaanza kunakili majina ya waanzilishi ili yasomwe katika Misa ya leo tunapowaombea marehemu wetu. Nilipofika kwa waimbaji wa sauti ya kwanza nikakwama. Palikuwa na Maria watano. Hakuna jina la Kikamba, hakuna jina la baba wala la mume. Imeandikwa hivi: Maria, Maria, Maria wa Mtoni, Maria, Maria wa Kanziko.

Wale wawili wenye neno la ziada tuliwapata siku hiyohiyo. Nilimpigia simu mama mmoja wa sauti ya pili, akacheka, akasema, "Wa Mtoni? Huyo alikuwa jirani ya mwaitu. Ndiye aliyetufundisha kupiga kayamba." Wale watatu wengine tunawatafuta hadi leo. Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani, na sijui jina lililo jema kuliko la Mama wa Mungu. Lakini katika daftari letu jina hilo limewaficha watu watatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza juu ya majina ya watakatifu na mahali yanapokaa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Ramani yetu

Chukua ramani ya upande wetu wa Kitui: Mutomo, Ikutha, Mutha, Kanziko, Ikanga, Kyatune, Voo. Hapo hakuna jina la mtakatifu. Ukienda mbele kidogo utapata mahali palipoitwa kwa majina ya watu. Kuna Kwa Vonza. Kuna Machakos, ambalo limetokana na jina la Masaku. Na ukishuka Makueni, kwenye njia ya reli, utafika Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Hamoud bin Mohammed aliyekuwa Sultani wa Zanzibar. Sultani wa mbali, tena Mwislamu, amepata mji mzima katika Ukambani, na watakatifu tunaowaimbia kila Jumapili wameridhika na kanisa, shule na zahanati.

Si kwamba misheni haikufika mapema. Walutheri kutoka Ujerumani walikuwa wameshajenga kituo Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890, kabla reli haijaanza kujengwa Mombasa. Ikutha ikabaki Ikutha. Kwa upande wetu Wakatoliki, Kitui ilifanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1956, ikawa Jimbo mwaka 1963, na askofu wake wa kwanza akawa William Dunne wa Shirika la Mtakatifu Patrick.

Hapa kuna jambo lililonifurahisha. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1932 katika kijiji cha Kiltegan huko Ayalandi, ndiyo maana wazee wetu huwaita mapadre wale Wakiltegan. Katika lugha ya kwao, neno "cill" maana yake ni kanisa, na limeingia katika majina ya miji na vijiji vingi kwa sura ya "Kil". Kilkenny ni Kanisa la Canice. Kiltegan ni Kanisa la Tegan. Kwa hiyo mapadre waliokuja kwetu walitoka katika nchi ambako kijiji na mtakatifu ni jina moja. Walipofika huku walijenga makanisa na kuyapa wasimamizi, lakini vijiji viliendelea kuitwa kama vilivyoitwa na mababu zetu.

Mama wa Lourdes

Tazama hospitali yetu ya misheni, ambayo mizizi yake ni kazi ya Masista wa Huruma kutoka Ayalandi. Jina lake ni Mama Yetu wa Lourdes, Mutomo. Wengi wetu tumezaliwa humo na tunalitaja jina hilo bila kulifikiria. Lourdes si jina la mtakatifu. Ni mji mdogo chini ya milima kusini mwa Ufaransa, ambako mwaka 1858 msichana maskini aitwaye Bernadette Soubirous alitokewa na Bikira Maria mara 18, kuanzia tarehe 11 Februari. Mama akachukua jina la mji wa msichana huyo, na hadi leo tunaiadhimisha sikukuu yake tarehe hiyo.

Kwa hiyo katika jina la hospitali kuna Mama mmoja na miji miwili: mji alikotokea, na mji anakotuuguza.

Watakatifu wengi tunawafahamu hivyo. Antoni alizaliwa Lisbon, lakini tunamwita Antoni wa Padua kwa sababu huko ndiko alikohubiri na kuzikwa. Fransisko ni wa Assisi. Mashahidi wetu wa Uganda, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, hatuwezi kuwataja bila Namugongo. Hata mbinguni, naona, mtu haulizwi aache kijiji chake mlangoni.

Majina yaliyokaa na yaliyopita

Kwingineko majina ya watakatifu yalibandikwa juu ya nchi, na mengine hayakushika. Tarehe 10 Agosti 1500, sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, nahodha Mreno Diogo Dias aliona kisiwa kikubwa mashariki ya Afrika. Wareno wakakiita kwa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Leo ni Madagaska, na wachache wanakumbuka kwamba kiliwahi kuitwa Laurenti. Mombasa nako, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga ngome wakaipa jina la Yesu mwenyewe. Ngome ipo na jina lake lipo, lakini mji haukubadilika. Ulibaki Mombasa, na wenyeji wake bado wanautaja Mvita.

Mengine yalikaa. Karibu na Masaka, Uganda, kuna Villa Maria, misheni iliyoanzishwa mwaka 1892 na mapadre wa White Fathers. Watu walijenga na kulima kuizunguka, na sasa ukimwambia mtu wa huko "Villa" anajua unakwenda wapi. Jijini Nairobi, mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha St. Austin's mwaka 1899 na kupanda kahawa, na mtaa ule bado unajulikana kwa jina hilo. Ninachokiona ni kwamba jina hukaa pale ambapo watu wamekaa nalo. Nahodha anayepita baharini hawezi kuacha jina. Mwenye jembe na mwenye kengele ya Misa ya asubuhi wanaweza.

Nchi yenye watakatifu kila kona

Nchi iliyonifunza zaidi ni Slovenia. Ni nchi ndogo ya Ulaya, kati ya Italia, Austria, Hungaria na Kroatia, yenye watu wapatao milioni mbili. Huko vijiji vingi vilikua kulizunguka kanisa, vikachukua jina la msimamizi wake. Neno lao la "mtakatifu" ni "sveti". Katika majina ya zamani ni "šent", na mdomo wa watu umelikata na kulibana hadi mgeni asilitambue. Šentjur ni Mtakatifu Jorji. Šempeter ni Mtakatifu Petro. Šmihel ni Mikaeli. Šmartno ni Martino.

Sasa, Martino yuko kila mahali. Ukisema tu unakwenda Šmartno, utaulizwa ni ipi. Ndiyo maana wameongeza alama ya mahali: kuna Šmartno ob Paki, yaani kando ya mto Paka, na kuna Šmartno pri Litiji, yaani karibu na mji wa Litija. Nilipoyasoma hayo nililikumbuka daftari letu na Maria wa Mtoni.

Waslovenia walionja pia hasara ya upande mwingine. Mwaka 1948, nchi yao ikiwa sehemu ya Yugoslavia chini ya utawala wa kikomunisti, ilitungwa sheria ya majina ya makazi, na katika miaka iliyofuata vijiji vingi viliondolewa watakatifu wao. Mji wa Mtakatifu Petro katika nchi ya Kras ukawa Pivka mwaka 1952, na ni Pivka hadi leo. Mtakatifu Lenart alivuliwa "utakatifu" akabaki Lenart tu. Mwaka huohuo wa 1952 kijiji cha Sveti Jurij ob Ščavnici, Mtakatifu Jorji kando ya mto Ščavnica, kilibadilishwa kikaitwa Videm ob Ščavnici. Mtakatifu aliondolewa, mto ukaachwa. Slovenia ilipata uhuru mwaka 1991, na mwaka 1997 kijiji kikarudishiwa Jorji wake. Jina lilikuwa limeondolewa kwa miaka 45. Bila shaka mtoto aliyebatizwa humo chini ya jina la zamani alikuwa mtu mzima liliporudi.

Herufi sita

Nirudi nyumbani. Baadhi yenu mnakumbuka lile tamasha la kwaya miaka michache iliyopita. Mshereheshaji aliita kwaya kwa jina la mtakatifu peke yake. Tukasimama. Upande wa pili wa ukumbi, kwaya nyingine yenye sare za kijani nayo ikasimama. Mwalimu wetu alikuwa ameshainua mikono. Waliokuwa wanaitwa ni wao, kwa hiyo tukaketi tena, watoto wakicheka.

Pamoja na hayo, tulipoagiza bango la jubilei ni mimi niliyependekeza tuandike jina la msimamizi peke yake, kwa sababu fundi hulipisha kwa herufi na hazina yetu haikuwa nzuri. Mzee mmoja wa besi, ambaye huwa hasemi mikutanoni, aliinuka akauliza, "Katibu, herufi sita za Mutomo ndizo zinatushinda?" Nilizihesabu pale pale. Kweli ni sita. Tulichanga, na bango mnaloliona mbele ya altare leo lina majina yote mawili.

Namshukuru mzee huyo. Msimamizi wetu tunashirikiana naye na maelfu ya makanisa duniani, na hilo ni jambo la fahari: tunapoliimba jina lake hatuimbi peke yetu. Lakini ukame wa huku, visima vilivyochimbwa kwa mkono, na njia ya vumbi ambayo akina mama waliitembea usiku kuja mazoezini, hayo yamo katika neno Mutomo. Tukilitaja jina moja bila lingine, kama ni la mtakatifu tutachanganywa na wengine, na kama ni la mahali tutasahau tulikusanyikia nini.

Kuanzia mwaka huu, kwa ruhusa ya kamati, nimeanza daftari jipya. Kila mwimbaji anaandikwa jina la ubatizo, jina lake la Kikamba, na kijiji anakotoka. Vijana wa sauti ya tatu wamelalamika kwamba nafasi haitoshi. Nimewachorea mistari mipana zaidi.

Na sasa naomba msaada wenu. Wale Maria watatu waliimba sauti ya kwanza katika mwaka wa kwanza wa kwaya hii. Mmoja, kwa mujibu wa daftari, alitoa shilingi mbili za kununulia kitambaa cha sare. Mwingine amewekewa alama ya msalaba kando ya jina, kwa hiyo alifariki akiwa bado mwanakwaya. Wa tatu hana alama yoyote. Huenda yuko hai, huenda ameketi kati yetu leo. Ikiwa alikuwa susu yako, au jirani yako, au mwenzako wa jumuiya ndogo ndogo, tafadhali nione baada ya Misa. Nitakuwa karibu na mlango wa sakristia, na kalamu ninayo.

Mungu awabariki nyote. Heri ya jubilei!