Makindu: Miaka 100 ya Jiko la Watu wa Reli

Mwaka 2026 gurdwara ya Makindu inatimiza miaka 100. Kwa wasafiri wengi wa barabara ya Nairobi na Mombasa, hekalu hilo la Masingasinga ndilo Makindu yenyewe. Unavua viatu mlangoni, unajifunika kitambaa kichwani, unaketi, unaletewa chapati, dengu na chai ya maziwa. Huulizwi pesa, huulizwi dini. Ukishiba unaendelea na safari yako. Wachache hukumbuka kuuliza Masingasinga walifuata nini katika nyika ya Ukambani, na jibu lake ni fupi: walifuata reli.

Reli nayo ilifuata maji. Mvua inayonyesha kwenye milima ya Chyulu haitengenezi mito; hunywewa na mawe ya volkano, ikapita chini kwa chini, kisha ikachomoza tambarare kwa chemchemi, Umani karibu na Kibwezi, Makindu, Kiboko. Ndiyo maana mikindu imeota hapa wakati pande zote ni miiba na vumbi. Injini ya mvuke iliyotoka pwani ikivuka nyika ya Taru ilihitaji mahali pa kujaza tangi, na watu waliokuwa wakiijenga njia walihitaji mahali pa kupiga kambi.

Hatua za ujenzi zimo katika kila kitabu cha shule: kazi ilianza Mombasa 1896, Tsavo ikavukwa 1898, Nairobi ikafikiwa Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901. Vibarua na mafundi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba mataruma yalipokuwa yakilazwa Ukambani, Wakamba walikuwa katikati ya Yua ya Ngomanisye, njaa kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19 iliyoua watu wengi mno. Garimoshi la kwanza lilipita mbele ya watu waliokuwa wakizika jamaa zao.

Anayetaka kuisoma Makindu ya zamani ataangukia vitabu viwili, na vyote viwili viliandikwa na wenye bunduki. Kimoja ni cha John Henry Patterson, mhandisi wa daraja la Tsavo, kilichotoka 1907. Cha pili ni cha mwindaji John Alexander Hunter, cha mwaka 1952. Sifa na lawama za mji huu zimegawanywa na watu hao wawili, na inabidi kukiri kwamba walijua kusimulia.

Kisa kinachopendwa kuliko vyote kilianzia Makindu Juni 1900. Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, alikuwa safarini kwenda Nairobi katika behewa lake la ukaguzi pamoja na rafiki zake wawili wa Kizungu, Huebner na Parenti. Walipofika Kima, stesheni chache mbele, wakaambiwa simba mla watu ameonekana hapo muda mfupi uliopita. Huyo simba alikuwa na sifa mbaya tayari. Hakuchagua: stesheni masta, mtu wa ishara, mtu wa kubadilisha njia, yeyote aliyevaa vazi la reli alimfaa. Kuna dereva wa garimoshi aliyewahi kumvizia akiwa amejifungia ndani ya tangi la chuma lenye tundu dogo la kutolea mtutu. Simba akalipindua tangi na kuanza kupapasa ndani kwa mkono, na yule bwana akaponea chupuchupu.

Ryall na wenzake wakaamua kulala hapo ili wamuue. Behewa likakatwa na kusukumwa kwenye njia ya pembeni ambayo udongo wake ulikuwa bado haujashindiliwa sawasawa, hivyo likakaa limeinama upande mmoja. Wakamtafuta simba alasiri, hawakumpata. Baada ya chakula cha jioni waliona vinukta viwili vinang'aa gizani, wakadhani ni vimulimuli. Parenti akalala sakafuni, Huebner kitanda cha juu. Ryall akashika zamu ya kwanza dirishani, na alipoona hakuna kinachotokea naye akajinyoosha kwenye kitanda cha chini.

Mlango wa behewa ulikuwa wa kusukuma kwa pembeni. Simba alipanda ngazi, akausukuma, akaingia. Uzito wake ukaliinamisha behewa zaidi, mlango ukateleza wenyewe, ukajifunga. Sasa walikuwa wanne ndani ya chumba kimoja. Ili kumfikia Ryall, mnyama alimkanyaga Parenti pale sakafuni. Huebner aliamka kwa kelele, akatazama chini, na njia pekee ya kutokea ilikuwa kupitia mlango wa upande wa watumishi, juu ya mgongo wa simba. Akapita. Akakuta watumishi wameushikilia mlango huo kwa nguvu zao zote, maana nao walikuwa wamesikia. Alipofanikiwa kujipenyeza, wakaufunga tena kwa vilemba vyao. Kisha kikasikika kishindo, behewa likayumba, na simba akatokea dirishani na Ryall mdomoni. Parenti alichomokea dirisha la pili akakimbilia jengo la stesheni.

Simba huyo alinaswa kwa mtego baadaye, akaonyeshwa watu kwa siku kadhaa kama sinema, kisha akapigwa risasi. Patterson, ambaye usiku ule hakuwapo, alipewa kisa hicho akakipamba vizuri. Ryall amezikwa Nairobi. Behewa lake, namba 12, limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini humo, na watoto wa shule hupandishwa ndani wakaoneshwa dirisha. Ni haki kulihifadhi. Lakini wale stesheni masta na vibarua walioliwa Kima kabla ya Ryall hawana kaburi linaloonyeshwa, na majina yao hayamo kitabuni. Watumishi walioshikilia mlango wametajwa kwa woga wao tu, kana kwamba mtu mwenye akili angeufungua.

Hunter alikuja baadaye na bunduki kubwa zaidi. Huyu Mskoti alifika Kenya 1908 akaanza kama gadi wa treni kwenye reli hii hii, kabla ya kuwa mwindaji wa kulipwa na baadaye ofisa wa wanyamapori mwenye makao Makindu. Kati ya 1944 na 1946 serikali ya kikoloni ilimtuma asafishe pori la Makueni ili Wakamba wahamishiwe huko kutoka milimani, ambako ardhi ilikuwa imechoka. Kusafisha kulikuwa na maana ya faru. Aliwaua karibu 1,000, akisaidiwa na wafuata nyayo wa Kiafrika. Idadi hiyo haiko mbali na ya faru weusi wote waliomo Kenya nzima leo.

Hunter mwenyewe, kwenye kitabu chake, alijiuliza kama ekari zile zilistahili bei hiyo. Kujiuliza kulimjia baada ya kazi kwisha. Wakamba nao hawakukimbilia Makueni kwa shangwe. Masharti ya makazi mapya yaliwatia shaka, na walikuwa na kila sababu: mwaka 1938 tu serikali hiyo hiyo ilikuwa imewanyang'anya ng'ombe kwa kisingizio cha kuokoa ardhi, mpaka Muindi Mbingu akaongoza maelfu kwenda Nairobi kulalamika. Hunter alimalizia siku zake Kiboko, jirani na Makindu, alikojenga hoteli kando ya chemchemi. Jina lake bado liko pale.

Kati ya bunduki ya Kima na bunduki ya Makueni ndipo gurdwara ilipojengwa. Mwaka 1926 Masingasinga wa reli, mafundi wa vyuma, maseremala na madereva, waliisimamisha karibu na kazi yao. Makindu haikuwa na wakubwa wa serikali wala wafanyabiashara matajiri wa kujenga kitu cha fahari. Ilikuwa na watu wa zamu. Mtu aliyeshuka kwenye injini usiku, uso mweusi kwa masizi, alihitaji maji ya kuoga, mahali pa kusali na chakula cha moto. Jiko la gurdwara, linaloitwa langar, ndilo kanuni ya dini hiyo kila mahali: anayekuja anakula, na tajiri na maskini huketi pamoja. Makindu kanuni hiyo ilikutana na ratiba ya treni, ikashika.

Zilikuja siku za injini kubwa. Kuanzia 1955 zilifika Garratt za daraja la 59, mashine za zaidi ya tani 250 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kubwa kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Kisha ikaja dizeli, ambayo haihitaji kusimama kunywa. Watu wa reli wakahamishwa. Wahindi wengi wa Kenya wakahamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likavunjika 1977. Kwa hesabu ya kawaida jiko lingezima. Halikuzima kwa sababu barabara ya lami ilipita karibu, na madereva wa malori na mabasi wakachukua nafasi ya madereva wa garimoshi. Michango ya waumini na wapita njia ikaendelea kuliwasha, na mikono ya wenyeji wa Makindu ikaendelea kukanda unga.

Hao wapishi ndio wangefaa kuandikiwa kitabu cha tatu. Karne nzima ya watu waliolishwa, na hakuna aliyepewa hata ukurasa wa Patterson. Sherehe za miaka 100 zitakuwa na hotuba za wageni waheshimiwa. Pawe na mtu pia wa kukaa na wazee wa mji, waliobeba mizigo, waliochochea moto kwenye injini, waliosuuza sahani za chuma jikoni, akawaandika kwa majina wangali hai.

Miongo ya karibuni haina mengi ya kusimuliwa. Ugatuzi wa 2013 uliiweka Makindu katika Kaunti ya Makueni, ambayo fahari yake ni maembe na machungwa. Mwaka 2017 treni ya abiria ya reli ya zamani iliacha kwenda Mombasa, na reli mpya ya SGR ikaanza. Stesheni zake za njiani ni Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Makindu haimo. Mkazi wake anayetaka kupanda treni hupanda kwanza matatu kwenda Kibwezi au arudi nyuma hadi Emali, akiwa na begi lake mapajani.