Morningside (Uluguru)

Morningside ni nyumba ya kale ya mapumziko iliyojengwa enzi ya utawala wa Wajerumani kwenye mteremko wa Milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Anayetoka kata ya Mwembesongo mjini humo huvuka mji kuelekea kusini, kisha hupanda kwa miguu kupitia mashamba ya mboga ya Waluguru. Jirani na nyumba, maji huporomoka miambani. Thamani kubwa ya nyumba haimo katika kuta bali katika mahali ilipowekwa: ubaridi, msitu kwa nyuma, na mji wote chini. Nyumba hii yastahili kutunzwa pamoja na vijito vyake. Maana Mto Morogoro hutoka katika milima hii, huingia Mto Ngerengere, kisha Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam.