Hospitali ilizembea, lakini ikashinda kesi. Iliwezekanaje?

Asubuhi ya Januari 1, 1966, walinzi watatu wa usiku walifika hospitali moja jijini London wakitapika baada ya kunywa chai kazini. Daktari wa zamu, ambaye naye alikuwa hajisikii vizuri, hakutoka kuwaona. Alimwambia nesi kwa simu kwamba waende nyumbani na kuwaita madaktari wao.

Mchana wa siku hiyo hiyo mmoja wao alifariki dunia. Chai ilikuwa na sumu ya arseniki.

Mjane wake alifungua kesi, maarufu kama kesi ya Barnett. Jaji alikubali kwamba daktari alizembea, ila hakumpa mjane fidia.

Kwa nini?

Ushahidi ulionyesha kuwa hata kama mlinzi huyo angepokelewa na kulazwa, dawa ya sumu hiyo isingemfikia kwa wakati. Angekufa tu. Uzembe ulikuwepo, lakini sio uliomuua.

Kipimo cha 'kama si'

Mahakama hujiuliza: kama si uzembe wa mdaiwa, je, madhara yangetokea? Jibu likiwa 'yangetokea vilevile', kwa kawaida mdai anashindwa.

Huhitaji kuthibitisha kwa asilimia 100. Inatosha kuonyesha kuwa uwezekano wa uzembe kusababisha madhara unazidi nusu.

Je, kipimo hiki hukwama?

Ndiyo. Katika kesi ya McGhee ya mwaka 1972, mfanyakazi wa tanuri la matofali Scotland alipata ugonjwa wa ngozi. Mwajiri hakuweka bafu, hivyo alirudi nyumbani kwa baiskeli akiwa na vumbi mwilini. Madaktari hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba kuoga kungemkinga. Majaji walimpa ushindi kwa sababu mwajiri aliongeza hatari kwa kiasi kikubwa.

Inakuhusu vipi?

Sheria ya madai ya uzembe Kenya na Tanzania ina mizizi yake kwenye sheria ya Uingereza, na kipimo hiki ni sehemu ya urithi huo.

Kwa hiyo ukiumia, usikusanye ushahidi wa kosa peke yake. Andika saa ya kila tukio, tunza vyeti vyote, na omba ripoti ya daktari inayoeleza nini hasa kilisababisha madhara na kama yangeweza kuzuilika. Bila hilo, unaweza kuwa na haki ya kulalamika lakini ukakosa fidia.