Nadhiri na Baraka: Sala Zilizogombea Afrika Kusini

Mwezi Machi 1979, mwanahistoria F.A. van Jaarsveld alikuwa akitoa mada mbele ya wasomi mjini Pretoria pale kundi la wanaume, likiongozwa na Eugène Terre'Blanche, lilipovamia ukumbi, likammwagia lami na kummiminia manyoya. Profesa huyo hakuwa mkomunisti wala mgeni. Alikuwa Kaburu miongoni mwa Makaburu. Kosa lake ni kuhoji utakatifu wa tarehe 16 Desemba. Sala iliyotamkwa miaka 140 kabla ya hapo bado ilikuwa na walinzi wenye ndoo za lami.

Sala yenyewe ilikuwa nadhiri. Desemba 1838, walowezi wapatao 470 chini ya Andries Pretorius walikwenda kupambana na jeshi la Dingane, mfalme wa Wazulu, ili kulipiza kisasi cha kuuawa kwa kiongozi wao Piet Retief na wenzake mapema mwaka huo. Njiani Sarel Cilliers aliwaongoza kumwahidi Mungu kwamba akiwapa ushindi, wao na vizazi vyao wataiadhimisha siku hiyo, na watamjengea nyumba ya ibada. Tarehe 16, kando ya mto Ncome, bunduki na mizinga iliyofyatuliwa kutoka nyuma ya boma la magari ya ng'ombe iliua Wazulu wapatao 3,000. Upande wa pili hakufa mtu.

Anayeweka nadhiri hujiwekea deni. La ajabu ni kwamba deni hili lilisahaulika upesi. Kanisa lilijengwa Pietermaritzburg, lakini kwa miongo kadhaa ni wachache walioishika siku yenyewe. Aliyewakumbusha ni Mwingereza. Baada ya Uingereza kuitwaa Transvaal mwaka 1877, maelfu ya Makaburu walikusanyika Paardekraal Desemba 1880, wakaifanya upya nadhiri na kuingia vitani. Mwaka 1910 siku hiyo ikawa sikukuu ya nchi nzima, na mwaka 1952 ikaitwa Siku ya Agano. Ahadi ya kikosi kimoja cha wapiganaji ilikuwa imegeuzwa hatimiliki ya ardhi yote, na Mungu akafanywa shahidi wa mkataba ambao wenyeji hawakuusikia ukisomwa.

Sala ya pili ilianza kinyonge zaidi. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika kwa ajili ya wanafunzi wake. Alifariki mwaka 1905, miaka saba kabla ya wimbo wake kuimbwa Bloemfontein, Januari 1912, kilipoanzishwa chama kilichokuja kuitwa ANC. Hapa hakuna masharti wala ahadi ya malipo. Ni ombi tupu la baraka, na anayeombewa ni Afrika, si kabila. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo zito. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwabakizia Waafrika asilimia 7 hivi ya nchi yao. Mwaka uliofuata, ujumbe wa John Dube, Walter Rubusana na Sol Plaatje ulikwenda London kulalamika, ukarudi mikono mitupu. Waliokataliwa na mfalme wa Uingereza walibaki na Mfalme mwingine wa kupelekea shauri lao, na dola haikuwa na uwezo wa kuwafungia mlango huo.

Isidhaniwe kwamba sala ilikuwa ngao. Tarehe 24 Mei 1921, huko Bulhoek, wafuasi wa nabii Enoch Mgijima waliokataa kuondoka katika kijiji chao cha ibada walikabiliwa na polisi wenye bunduki za rashasha, na zaidi ya 160 waliuawa. Kama nguvu ya sala ingepimwa kwa nani aliyebaki hai, Ncome na Bulhoek zingetoa jibu moja: wenye bunduki ndio waliosikilizwa. Mizani hiyo haifai. Nguvu inayoonekana katika kumbukumbu za historia ni nyingine: sala huamua nani anahesabiwa ndani ya neno "sisi".

Ndiyo maana wimbo wa Sontonga ulivuka mipaka na nadhiri haikuvuka. Tanganyika iliupokea mwaka 1961 kwa Kiswahili, na taifa lenye Waislamu na Wakristo likauimba bila mtu kuombwa abadili dini. Nadhiri ya Ncome ingeimbwa na nani nje ya ukoo wake?

Mgongano wa wazi ulikuja mwaka 1985. Allan Boesak na wanateolojia wenzake waliwaita Wakristo waombe, tarehe 16 Juni, utawala dhalimu ukome. Baadhi ya viongozi wa makanisa yaliyokuwa yakiupinga ubaguzi walisita. Walikuwa wamezoea kuiombea serikali hekima. Kuomba iondoke kulikuwa jambo jingine kabisa. Kusita kwao kunaeleza mengi, maana mtu hababaishwi na maneno anayoyaona matupu.

Ubaguzi ulipokwisha, tarehe 16 Desemba haikufutwa. Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, ilikuwa imeichagua makusudi mwaka 1961 kuanza mashambulizi yake, na tangu 1995 ni Siku ya Maridhiano. Pale Ncome, ukingo mmoja una magari 64 ya shaba yaliyopangwa kama boma la Pretorius. Ng'ambo, tangu 1998, kuna mnara wa Wazulu walioanguka.